Swali Lililolala Rejistani: Mwongozo wa Utafiti kwa Mwanafunzi wa Udaktari Anayerudi Makambako

Ukishuka basi Makambako mwezi wa Julai, baridi hukupokea kabla ya ndugu zako. Pale njia panda, barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, utakuta malori yamesheheni mbao, magunia ya viazi na mahindi, na siku hizi parachichi za kwenda nje ya nchi. Mkoa wa Njombe una chakula. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa 2022 kuhusu afya ya uzazi, mtoto na malaria ulikuta asilimia 50.4 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani humu wamedumaa, ilhali wastani wa nchi ni asilimia 30. Utafiti mwingine wa kitaifa, wa 2022 hadi 2023, uliwapima watu wa miaka 15 na kuendelea ukakuta asilimia 12.7 ya wakazi wa Njombe wanaishi na VVU. Kwa nchi nzima ni asilimia 4.4.

Wewe uliyekulia hapa ulizijua habari hizi kabla ya kuzisoma darasani. Unamjua mtoto wa jirani ambaye kimo chake hakilingani na umri wake, na nyumbani kwao gunia la mahindi halikosekani. Unaijua nyumba ambayo bibi analea wajukuu peke yake. Maswali haya yanakuhusu, na miaka mitano ya masomo ya udaktari inakupa nafasi ya kuyashughulikia mapema kuliko unavyodhani.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa namna hiyo, awe anasoma Dar es Salaam, Moshi, Mwanza, Dodoma au Mbeya, na likizo inamrudisha nyumbani. Ushauri wangu wote unasimama juu ya jambo moja: utafiti wako wa kwanza uwe mdogo, uwe wa nyumbani, na majibu yake yarudi kwa watu waliokupa taarifa.

Mwanafunzi anaweza kuona nini?

Mwaka 1835 James Paget, kijana wa miaka 21, alikuwa mwaka wa kwanza wa masomo ya udaktari katika Hospitali ya St Bartholomew's, London. Siku moja kwenye chumba cha kupasulia maiti aliona vidoadoa vyeupe vigumu ndani ya misuli. Wenzake walikuwa wakiviona siku zote. Walivichukia kwa sababu vilikuwa vikifanya visu vyao kuwa butu, wakadhani ni chembe za mfupa. Paget hakuwa na hadubini, akaenda kuomba kutumia ile iliyokuwa British Museum. Ndani ya kila kidoa alimkuta mnyoo mdogo amejikunja. Huyo ndiye mnyoo wa trikinela. Miaka 25 baadaye, Ujerumani, ikaonekana kwamba binadamu humpata kwa kula nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri.

Sisi tunaofuga nguruwe na kupenda kitimoto tuna mnyoo wetu mwingine wa kumfikiria: tegu wa nguruwe. Mtu akila nyama yenye malengelenge ya tegu ambayo haikuiva, mnyoo hukua tumboni mwake. Akijisaidia porini, nguruwe anayezurura hula kinyesi chenye mayai, na mzunguko unaanza upya. Hatari kubwa zaidi ni binadamu mwenyewe kumeza mayai hayo kupitia mikono au maji machafu. Hapo malengelenge yanaweza kuota kwenye ubongo na kuleta kifafa. Tafiti nyingi juu ya jambo hili zimefanyika Nyanda za Juu Kusini, hasa upande wa Mbozi na Mbeya. Katika vijiji vyetu bado wako watu wanaoamini kifafa ni mkosi wa ukoo. Mwanafunzi anayeuliza tu kama kaya yenye mgonjwa wa kifafa ina choo, na kama nguruwe wake wamefungiwa bandani, tayari ameshika swali la maana.

Paget hakuwashinda wenzake kwa elimu. Wote walikuwa na visu vilevile na maiti zilezile, ila yeye aliuliza juu ya kile ambacho wengine walikwisha kukizoea. Kwa mtoto wa nyumbani huo ndio mtihani wenyewe, maana nyumbani kila kitu tumekizoea.

Nafasi ziko wapi?

*Utafiti wa chuo.* Vyuo vyetu vingi vya udaktari humtaka mwanafunzi afanye utafiti na kuandika ripoti kabla ya kuhitimu. Wengi huuona kama mzigo, wakachukua mada iliyokwisha kufanywa na kubadilisha jina la hospitali. Usifanye hivyo. Huu ndio utafiti pekee ambao chuo kinakupa msimamizi na ratiba, na mara nyingi na njia ya kupata kibali cha maadili. Uandalie swali lako tangu mwaka wa pili.

*Mradi wa mwalimu wako.* Karibu kila idara ina mhadhiri mwenye utafiti unaoendelea. Mwendee na ombi dogo linaloeleweka: kuingiza takwimu kwa saa nne kila Jumamosi, au kusoma na kufupisha makala kumi. Ukifanya kazi hiyo kwa uaminifu kwa muhula mmoja, muhula unaofuata utaambiwa uje kwenye kikao.

*Taasisi za utafiti.* Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Ina kituo Mbeya, saa chache kwa basi kutoka Makambako, na kituo hicho kimefanya kazi kubwa katika VVU na kifua kikuu. Mbeya pia kuna kampasi ya afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ukivuka upande wa Morogoro kuna Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanza mwaka 1957 kama maabara ndogo ya watafiti kutoka Uswisi na leo inajulikana duniani kwa kazi zake za malaria. Andika barua mapema, ueleze unasoma wapi, una wiki ngapi na unaweza kufanya nini.

*Hospitali za nyumbani.* Wengi huipita nafasi hii bila kuiona. Mkoa una Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, hospitali ya Kibena mjini Njombe, hospitali ya KKKT Ilembula upande wa Wanging'ombe, hospitali ya Consolata Ikonda kule Makete inayopokea wagonjwa hadi kutoka mikoa ya mbali, na vituo vya Makambako mjini. Zote zina rejista na mafaili ya miaka mingi ambayo hakuna aliyekaa nayo akahesabu.

*Vyama vya wanafunzi.* Chama cha wanafunzi wa udaktari Tanzania, TAMSA, kimo katika shirikisho la dunia la wanafunzi wa udaktari, IFMSA, lenye mpango wa kubadilishana wanafunzi kwa ajili ya utafiti. Kupitia huko unaweza kukaa wiki kadhaa katika maabara ya nchi nyingine. Ulizia tawi la chuo chako tangu mwaka wa kwanza.

*Ripoti ya mgonjwa mmoja.* Usidharau kidogo. Mgonjwa mmoja mwenye hali isiyo ya kawaida, akiandikwa vizuri kwa ridhaa yake, anaweza kumfundisha daktari wa mbali. Ndiyo njia fupi ya kujifunza kuandika kitabibu.

Kulipata swali

Nenda kliniki ya mama na mtoto asubuhi, kabla foleni haijawa ndefu. Msalimie muuguzi wa zamu, jitambulishe, na ukisharuhusiwa omba akuoneshe MTUHA kitabu namba 6, rejista ya wajawazito. Ni kitabu kikubwa, kingo zake zimelegea kwa kushikwa. Kila mama ana mstari wake unaovuka kurasa. Tafuta safu ya umri wa mimba kwa wiki siku ya hudhurio la kwanza, weka kidole hapo na ushuke nacho taratibu. Tuseme unasoma: 22, 18, 26, 11, 20, 24.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2016, linashauri mjamzito aonwe mara nane, na mara ya kwanza iwe ndani ya wiki 12. Kwenye mistari yako sita ni mama mmoja tu aliyewahi. Hapo ndipo swali linapozaliwa. Huyu wa wiki 11 anatoka kijiji gani? Ni mimba yake ya ngapi? Waliochelewa wanatoka mbali, au wanatoka mtaa wa nyuma ya zahanati? Miezi ya kupanda na miezi ya kuvuna inatofautiana?

Swali la kwanza huwa pana mno: "Kwa nini wajawazito wa Njombe huchelewa kliniki?" Hilo ni swali la kazi ya miaka mitatu na timu nzima. Lipunguze hadi ulimudu: "Kati ya wajawazito walioandikishwa katika kituo hiki Januari hadi Desemba mwaka jana, wangapi walikuja ndani ya wiki 12, na je, wenye mimba ya kwanza waliwahi kuliko wengine?" Swali hili lina watu, mahali, muda na kipimo. Linajibika kwa rejista iliyopo, na mganga mfawidhi akipewa jibu lake ana la kufanya kesho yake.

Hapa kwetu tunao mfano wa nguvu ya hesabu ya aina hii. Majaribio matatu, ya Orange Farm nchini Afrika Kusini, Kisumu na Rakai, yalionesha kati ya 2005 na 2007 kwamba tohara hupunguza uwezekano wa mwanamume kupata VVU kutoka kwa mwanamke kwa karibu asilimia 60. Kuanzia 2009 huduma ya tohara kinga ililetwa Mkoa wa Iringa, wakati huo Njombe ikiwa bado ndani yake. Takwimu za vituo zikaonesha jambo ambalo wazee wetu wangekueleza bure: wanaume wengi huja miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, kwa kuamini kuwa kidonda hupona vizuri wakati huo. Kampeni zikapangwa kufuata majira hayo. Kuhesabu waliokuja kwa kila mwezi ni kazi ambayo wewe, kwa daftari na kalamu, unaiweza.

Onyo moja ninalolitoa kwa uchungu. Nikiwa mwaka wa tatu nilijaza daftari zima la kurasa 96 nikihesabu wagonjwa "waliochelewa" kufika hospitali. Sikuwa nimeandika popote kuchelewa ni saa ngapi. Wiki ya kwanza nilihesabu saa 24, na wiki ya tatu, bila kujitambua, nikawa nahesabu siku mbili. Daftari lote likawa halina thamani, na likizo ilikuwa imekwisha. Kabla ya kuhesabu mstari wa kwanza, andika maana ya kila neno utakalolihesabu, na uibandike ndani ya jalada la daftari.

Kumpata msimamizi

Mwaka 1963, shule ya sekondari Magamba, kijana Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Aliona mchanganyiko wake uliowekwa ukiwa wa moto umeganda kabla ya ule uliopozwa kwanza. Alipouliza aliambiwa amechanganyikiwa. Hakuliacha swali lake. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja shuleni kuzungumza. Wanafunzi wenzake walicheka. Osborne alirudi chuoni akaagiza jambo hilo lijaribiwe maabara, na mwaka 1969 makala ikachapishwa ikiwa na majina ya wote wawili. Hadi leo wanafizikia wanaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Msimamizi unayemtafuta ni wa aina ya Osborne, yaani anayesikia swali na kusema "tujaribu." Cheo kikubwa si kigezo cha kwanza. Mhadhiri kijana mwenye muda wa kusoma rasimu yako anakufaa kuliko profesa utakayemwona mara mbili kwa mwaka. Mwendee na ukurasa mmoja wenye swali, sababu ya kuliuliza, mahali, na namna utakavyolijibu. Mwenye ukurasa mkononi husikilizwa. Mtafute pia mtu wa pili huku nyumbani, daktari au muuguzi wa kituo utakachofanyia kazi. Yeye ndiye anayejua kwamba mwezi fulani rejista iliisha na watu wakaandika kwenye daftari la shule.

Vibali: panda ngazi zote

Kuzaliwa Makambako hakukupi haki ya kufungua faili la mtu wa Makambako. Hata kama shangazi yako ni muuguzi wa kituo, usianze kwa mlango wa nyuma, kwa sababu utamponza yeye na kuiharibu kazi yako.

1. Andiko lako lipitiwe na kamati ya maadili ya utafiti. Mara nyingi ya chuo hutosha kwa utafiti wa mwanafunzi. Kazi nyingine huhitaji pia kibali cha kamati ya kitaifa iliyo chini ya NIMR. Msimamizi wako atakuongoza.
2. Chukua barua ya utambulisho kutoka chuoni.
3. Ipeleke kwa Katibu Tawala wa Mkoa, Njombe, na kutoka hapo kwa Mkurugenzi wa Halmashauri na Mganga Mkuu wa Halmashauri.
4. Ndipo uende kwa mganga mfawidhi, na mwisho kwa mkuu wa kitengo: sista wa wodi, au mtunza kumbukumbu.
5. Ukienda kwenye kaya, pita kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Wahudumu wa afya wa jamii watakuonesha njia.

Beba nakala za kutosha, na kila ofisi uombe mhuri kwenye nakala yako. Anza mchakato huu miezi minne au sita kabla ya likizo. Wanaokwama karibu wote walianza wiki mbili kabla.

Watu wangapi wanatosha?

Ukitaka kukadiria kiwango cha jambo fulani katika jamii, kuna hesabu rahisi. Chukua 1.96 uizidishe kwa yenyewe, zidisha kwa kiwango unachotarajia, zidisha kwa kilichobaki hadi kufika 1, kisha gawanya kwa kosa unalolivumilia lililozidishwa kwa lenyewe. Udumavu wa Njombe ni karibu nusu, yaani 0.5. Ukivumilia kosa la asilimia 5 juu au chini, unapata watoto 385 hivi. Ukivumilia asilimia 7, ni 196. Ukivumilia asilimia 10, ni 97 tu. Sasa jiulize kwa ukweli: una wiki sita, na kwa siku unaweza kupima watoto wanane kwa uangalifu. Watoto 196 wanawezekana. Watoto 385 watakufanya uharakishe, na kipimo cha haraka ni kipimo cha uongo.

Kumbuka pia kwamba hesabu hii inafaa pale unapochagua watu kwa bahati nasibu. Ukiwapima waliokuja kliniki tu, sema wazi kwamba ni wa kliniki, kwa maana wasiokuja huenda ndio wenye shida zaidi. Hesabu ikizidi uwezo wako, mwone mwalimu wa takwimu kabla ya kukusanya. Akikuona baadaye, mara nyingi atabaki kukupa pole.

Ukiwa kazini

Kupima urefu wa mtoto kunaonekana rahisi mpaka siku utakapokuwa kwenye zahanati ya Njombe saa mbili asubuhi, baridi kali, na mtoto amevaa kofia ya sufu, sweta mbili na soksi nene. Kofia lazima ivuliwe na viatu pia. Mtoto wa chini ya miaka miwili hulazwa juu ya kibao cha kupimia, aliyezidi miaka miwili husimama. Mnahitajika wawili: mmoja anashika kichwa kiguse ubao, mwingine ananyoosha magoti na kusogeza kibao cha miguuni. Mama akae karibu na uso wa mtoto, amsemeshe. Soma namba, iandike, mtoe mtoto, mrudishe, pima tena. Vipimo viwili vikitofautiana sana, pima mara ya tatu. Kisha mvishe kofia yake haraka. Usipomvisha, mama huyo hatakuja kesho, na atawaambia na wenzake.

Lugha ni sehemu ya kipimo. Andiko lako ni la Kiingereza, lakini fomu ya ridhaa na dodoso viwe Kiswahili cha watu, na kwa wazee uwe tayari kusaidiwa Kibena. Ukimkuta bibi kibarazani, "Kamwene" yako itafungua mlango ambao barua ya mkoa haiufungui. Kaa chini kabla ya kuuliza. Mweleze kwamba akikataa hakuna huduma atakayonyimwa, na uamini maneno hayo unapoyasema, kwa sababu yeye atakutazama usoni kuona kama unayaamini. Akisema "ngoja nimuulize baba," subiri. Ridhaa ya kuharakishwa si ridhaa.

Kuhusu VVU, kaza mara mbili. Makambako ni mji ambao watu wanajuana kwa majina ya wazazi. Ukiandika jina, mtaa na namba ya kadi ya kliniki ya VVU (CTC) kwenye daftari moja, umebeba siri inayoweza kuvunja ndoa. Sheria ya UKIMWI ya 2008 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 zinamlinda mwenye siri hiyo, nawe mlinde. Mpe kila mtu namba ya utafiti. Orodha inayounganisha namba na majina, kama ni lazima iwepo, ikae peke yake chini ya kufuli. Usipige picha ya rejista kwa simu yako. Na ukimwona kwenye orodha mtu unayemfahamu, hujamwona.

Fedha na vifaa

Utafiti wa rejista hauhitaji mamilioni. Bodi ya Mikopo ina kipengele cha fedha za utafiti kwa wanafunzi wenye sifa, kwa hiyo angalia kama kimo kwenye mkopo wako na uulize hutolewa lini. Bajeti yako ni nauli, nakala, daftari, na soda ya msaidizi wako.

Programu nyingi unazozihitaji ni za bure. KoboToolbox hukusanya majibu kwa simu hata pasipo na mtandao. R huchambua takwimu. Zotero hupanga marejeo. Kwa kusoma, PubMed iko wazi, AJOL inakusanya majarida ya Afrika, na kupitia mpango wa Hinari maktaba ya chuo chako inaweza kukufungulia majarida ya kulipiwa. Mwombe mkutubi nywila kabla ya kufunga chuo, na pakua makala zako mapema.

Uhaba wa fedha hauui swali zuri. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Ili ajue ugonjwa unafika wapi, alituma dodoso kwa posta kwa hospitali za Afrika, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakazunguka kwa gari wiki kumi, wakapita Tanganyika wakielekea kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Ramani waliyoichora iliimarisha fununu iliyowafikisha wanasayansi kwenye kirusi cha Epstein-Barr. Leo una simu mfukoni. Kinachotakiwa ni kuuliza hospitali ya pili swali lilelile.

Kuandika, na jina la nani

Andika ndani ya wiki mbili baada ya kumaliza kukusanya, kabla muhula haujakumeza. Anza na jedwali, halafu matokeo, halafu mbinu. Utangulizi uje mwishoni. Mahali pa kupeleka hapakosekani: kuna jarida la utafiti wa afya la NIMR, na mikutano ya kisayansi ya vyuo na NIMR ambako unaweza kuanza kwa bango.

Jihadhari na majarida ya kitapeli. Yatakuandikia barua pepe ya sifa nyingi, yataahidi kuchapisha kwa siku tatu, na yataomba fedha kabla mtu yeyote hajasoma kazi yako. Jarida halisi hukuchelewesha na kukusahihisha. Majarida mengi ya heshima husamehe au kupunguza ada kwa waandishi wa nchi kama yetu, ila uombe kabla ya kutuma.

Mambo ya majina yamalizeni mwanzoni, kwa maandishi. Kumbuka Paget: wiki chache baada ya yeye kuuona mnyoo, Richard Owen, mwanasayansi mwenye jina kubwa, aliuelezea na kuupa jina mbele ya chama cha wanazuolojia, na sifa nyingi zikamwendea yeye. Kanuni za wahariri wa majarida ya tiba zinasema mwandishi ni yule aliyechangia kazi kwa dhati, akashiriki kuandika au kusahihisha, akaidhinisha nakala ya mwisho, na yuko tayari kuwajibika kwayo. Kanuni hiyo inakulinda wewe, na inakukataza kumweka rafiki asiyefanya kitu. Muuguzi aliyekaa nawe mpaka jioni akikueleza rejista naye apimwe kwa kanuni hiyohiyo. Asipofikia kuwa mwandishi, mshukuru kwa jina ndani ya makala, kwa ruhusa yake.

Rudisha majibu

Watu wa vijijini kwetu wamehojiwa sana. Wamepimwa damu, wamepimwa mikono, wamejibu dodoso kurasa ishirini, kisha gari likaondoka na vumbi. Ndiyo maana ukifika, mzee mmoja anaweza kukuuliza kwa upole: "Na ninyi majibu yenu mtaleta lini?" Usimjibu kwa ahadi usiyoipanga. Liweke jibu lake kwenye ratiba yako tangu andiko la kwanza, kama ulivyoweka nauli.

Andika ukurasa mmoja wa Kiswahili usio na jina la mgonjwa hata mmoja: tuliuliza nini, tuliwahesabu wangapi, tulikuta nini, kituo kinaweza kufanya nini. Upeleke kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri na kwa mganga mfawidhi. Omba dakika kumi kwenye kikao cha asubuhi cha watumishi. Kama ulienda vijijini, omba nafasi kwenye mkutano wa kijiji, na useme kwa sauti inayofika mpaka kwa akina mama waliokaa nyuma.

Halafu nenda kliniki, kwa muuguzi aliyekufungulia kitabu namba 6. Mweleze kwamba kati ya akina mama wote aliowaandika mwaka mzima, waliokuja ndani ya wiki 12 ni hawa, na wengi wao wametoka vijiji hivi viwili. Huenda akanyamaza kidogo, akavuta kitabu, akaweka kidole kwenye safu ileile na kuanza kushuka nayo mwenyewe. Akianza kukuuliza maswali yake, toa daftari uyaandike. Hilo ndilo andiko lako la mwakani.